Kiingereza ya muuguzi ianzie kando ya kitanda ya mgonjwa

Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, tuliona wageni wengi wakifika Beni na Butembo na Kiingereza yao. Wauguzi wetu wamesomea Kifaransa. Wengine walihitaji mkalimani kwa kazi yao wenyewe! Tangu 2022 nchi yetu iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na bado mwanafunzi wa uuguzi anakariri vitenzi tu. Hajui kuuliza: unaumwa wapi, tangu lini?

Kiingereza tunaitaka. Lakini muuguzi njo anasimama kati ya mgeni na familia. Wakati ule, mahali pengi watu walikataa timu za mazishi juu hawakuelezewa vizuri mbele ya maiti ya mzazi wao kuchukuliwa. Anayejua Kiingereza na hajui kusalimia mama mzee kwa Kinande, ao kuomba ruhusa mbele ya kumgusa, hajamaliza masomo.

Tunaomba wakubwa wa shule: Kiingereza ifundishwe pamoja na staji, hospitalini, na wauguzi wazee waonyeshe vijana namna ya kusikiliza mgonjwa. Na hiyo isiwe sababu ya kupandisha minervali. Wazazi wamekwisha kuchoka.