Maumivu Hayangoji Mashine

Kutoka milima ya Umatengo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa bado tunasikia kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu, na kwamba mama anayelia kwa uchungu anadeka. Twakataa! Mwaka 2015 watafiti wa Oxford, Uingereza, waliwadunga kidogo mguuni watoto wachanga 10 na watu wazima 10, huku mashine ikipiga picha za ubongo. Kati ya sehemu 20 zilizoitikia kwa watu wazima, 18 ziliitikia kwa wachanga pia. Je, kilio kilihitaji kibali cha mashine? Anayesema anaumia, tumsadiki. Asiyeweza kusema, tumtazame usoni. Kumwambia “jikaze” huku tukimnyima dawa si imani, ni ukatili. Kristo naye alilia msalabani kwa sauti kuu. Ni nani atakayethubutu kusema alideka?