Reacher Anazurura, Sisi Tunashikwa

Kuna sifa moja ambayo mashabiki wa Jack Reacher hawachoki kuirudia: ati huyu jamaa ni ndoto ya kila mtu. Hana nyumba, hana bosi, hana mkopo, hata begi la nguo hana. Anashuka basi popote roho inapotaka, anakunywa kahawa, anapiga wabaya, halafu huyo, amepotea. Ukipita pale Tom Mboya Street kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, hukosi Lee Child mmoja au wawili wenye majalada yaliyochakaa. Vinasomwa kweli. Vinaazimwa na havirudi. Na kila nikiuliza wenzangu wanampendea nini Reacher, jibu ni neno moja: uhuru.

Mimi nasema hiyo sifa ni uongo, na ni uongo unaotugharimu. Uhuru wa Reacher si ndoto ya kila mtu. Ni kibali, na kibali hicho kina wenyewe.

Tuanze na kitabu chenyewe. *Killing Floor* ndicho cha kwanza katika mfululizo, kilitoka 1997. Reacher ana miaka 36. Alikuwa meja katika polisi wa jeshi la Marekani, na sasa ana miezi sita tangu aache jeshi. Anashuka basi la Greyhound kwenye makutano ya barabara, anatembea maili 14 kwenye mvua mpaka Margrave, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Georgia. Hana shughuli huko. Kaka yake tu aliwahi kumwambia kwamba mwanamuziki wa zamani, Blind Blake, alifia Margrave. Anaagiza mayai na kahawa, na kabla hajamaliza polisi wanaingia na bunduki. Kuna maiti imeokotwa nje ya mji, na mgeni ndiye mshukiwa.

Mpaka hapo, manze, kitabu kimenishika shingo. Kitu kimeharibika, kuna mgeni, basi ni mgeni. Hiyo hadithi tunaijua hata kabla hatujafungua ukurasa.

Lakini angalia kinachofuata. Alama za vidole vyake zinatumwa Washington, na huko ziko, kwa sababu serikali inamjua mwanajeshi wake. Mpelelezi mkuu, Finlay, anaketi naye na kujibizana naye kama mtu na mwenzake. Anaulizwa anaishi wapi, anajibu hana makao, na baada ya muda swali hilo linazikwa. Ni kweli analazwa gerezani wikendi na nusura auawe humo. Lakini wikendi ikiisha ametoka, na muda si muda anachunguza mauaji pamoja na polisi walewale waliomtia pingu. Mzururaji asiye na anwani amekuwa mshauri wa kituo!

Kwa nini? Mashabiki watakuambia ni akili zake. Sawa, akili anazo. Lakini pia ni mzungu mwenye urefu wa futi sita na inchi tano, ana cheo cha zamani, ana akiba ya pesa za jeshi, na anaongea na polisi kwa lugha ya polisi. Mvue hivyo vitu kimoja kimoja uone atafika ukurasa wa ngapi.

Na hatuhitaji kukisia, kwa sababu kitabu chenyewe kina mzururaji wa pili. Blind Blake alikuwa mtu wa kweli, Mwamerika mweusi, kipofu, fundi wa gita aliyerekodi nyimbo zake kati ya 1926 na 1932. Katika maisha halisi alifia Milwaukee mwaka 1934. Katika riwaya, Lee Child anampa kifo kingine: aliuawa palepale Margrave na wazungu wenye mji wao. Sasa weka hao wawili upande kwa upande. Wote wanatembea bila makao. Wote wanaingia mji uleule. Mmoja anaua watu, anachoma ghala, anaondoka akiwa shujaa. Mwingine hakuwa amekosea mtu yeyote, na hakutoka. Halafu unaniambia kutembea ni uhuru wa kila mtu?

Georgia haikuchaguliwa vibaya, hata kama mwandishi alitaka tu mji wenye joto na vumbi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya kusini mwa Marekani yalitunga sheria za uzururaji zilizowalenga watu weusi waliotoka utumwani. Ukikutwa huna kazi wala mwajiri, unashikwa. Ukishindwa kulipa faini, unafanyishwa kazi kwa lazima. Georgia ilianza kukodisha wafungwa wake kwa makampuni mwaka 1868, wakajenga reli na kuchimba makaa ya mawe, na haikuacha mpaka 1908. Kwa hiyo katika ardhi ileile ambayo Reacher anaivuka akipiga mluzi, kutembea bila sababu kulikuwa kosa la jinai kwa mtu wa rangi fulani.

Na sheria yenyewe ilitoka wapi? Uingereza, kwao Lee Child. Jina lake halisi ni Jim Grant, Mwingereza aliyeanza kuandika baada ya kuachishwa kazi kwenye kampuni ya televisheni ya Granada mwaka 1995. Vita vya Napoleon vilipoisha 1815, wanajeshi wengi walirudi nyumbani bila kazi wala makao, wakajaa barabarani. Bunge la London likajibu kwa Sheria ya Uzururaji ya 1824. Yaani mtu aliyekusudiwa na sheria ile ni Reacher mwenyewe, mwanajeshi aliyeachwa bila kazi, anayelala popote! Lakini sheria iliposafiri kuja makoloni, ilibadilisha mtu wa kumkamata.

Hapa ndipo hadithi inapotufikia sisi. Mkoloni alileta kanuni za uzururaji Kenya, halafu akaongeza kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitembea na karatasi zake ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni, ili mzungu yeyote ajue anatoka kwa nani na anaenda kwa nani. Sheria yetu ya Uzururaji ilifutwa 1997, mwaka uleule *Killing Floor* ilipotoka. Mabaki yake yakabaki kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 182, na kwenye sheria ndogo za miji. Na kwenye vichwa vya askari yakabaki zaidi.

Mimi naandika kwa vibarua vya hapa na pale. Chuo niliacha mwaka wa tatu karo iliponishinda. Kazi nyingine huisha usiku, na kama matatu zimepandisha nauli natembea. Nimesimamishwa mara nyingi kiasi kwamba najua maswali kwa mpangilio wake: unatoka wapi, unaenda wapi, unafanya kazi gani, toa kitambulisho. Jaribu kumwambia karao kwamba wewe ni mwandishi wa kujitegemea, huna ofisi, ulikuwa unatembea tu. Hakuna atakayetuma alama za vidole vyako Nairobi na kurudi na habari kwamba wewe ni meja. Utatafutiwa nafasi nyuma ya gari, kisha utaulizwa una ngapi mfukoni.

Hili si lalamiko langu peke yangu. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake, si kwa tendo lake. Majaji walihitaji kulisema hilo 2020. Hivyo ndivyo uhuru wa kutembea ulivyo mbali na kuwa wa kila mtu.

Najua jibu linalokuja: bana, ni riwaya tu, soma ufurahi. Nilifurahi. Lee Child anajua kumfanya msomaji akeshe, na njama yake ni tamu: noti za dola moja zinasafishwa wino na kuchapishwa upya kuwa noti za dola 100, huku wenye maduka ya Margrave wakipewa dola 1,000 kila wiki na wakfu wa tajiri mmoja ili wasiulize kitu. Hiyo ni picha kali ya mji ulionunuliwa. Lakini ona inachotufundisha: wenyeji wote ni waoga au wamelipwa, na ukweli lazima uletwe na mgeni asiye na chochote cha kupoteza. Huo ni uongo wa pili. Kinyozi mzee wa Margrave na dada yake, aliyewahi kuimba na Blind Blake, walikuwa wanajua miaka yote jinsi Blake alivyokufa. Hawakuhitaji mgeni awafumbulie fumbo. Walihitaji mtu awaamini.

Sisi tuna kitabu kinachosema kweli juu ya kuzurura. *Kill Me Quick* cha Meja Mwangi kilitoka 1973. Meja na Maina wana vyeti vya shule na hawana kazi, wanalala kwenye vichochoro vya Nairobi, wanaingia jela na kutoka na kuingia tena. Hakuna anayewaita mashujaa, wala hakuna ghala linalolipuka. Lakini kila hatua wanayopiga mjini ina gharama, na mwandishi anaihesabu.

Kwa hivyo nawaomba waandishi wenzangu, hasa wale mnaoandika riwaya za kusisimua: msituletee Reacher wa Kiswahili, jitu lenye misuli linaloshuka matatu Nakuru na kuokoa mji kwa siku tano. Tuleteeni mzururaji anayesimamishwa usiku, na aliyeona kitu ambacho hakuna kituo kitakachoandikisha. Na kama mtu ataamua kurudi Margrave, mimi nataka riwaya ya yule dada wa kinyozi. Reacher akishaondoka, yeye bado anaishi pale.