Ukerewe kwa njia ya Bunda

Msafiri wa Musoma anayetaka kuitembelea Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, halazimiki kuzunguka hadi Mwanza mjini kutafuta meli ya Nansio, mji mkuu wa kisiwa hicho, kwa kuwa barabara ya Bunda kwenda Kisorya humfikisha kwenye kivuko, yaani chombo kipana na bapa kinachobeba magari na watu, ambacho huvusha hadi Rugezi, ng'ambo ya mlangobahari mwembamba wa ziwa. Butiama, ambako Mwalimu Nyerere alizaliwa mwaka 1922 na ndiko alikozikwa, inafaa itembelewe siku ya kwanza, kabla ya kushika njia ya Bunda.

Kisiwani, kilima cha Handebezyo humpa mgeni mandhari ya ziwa na visiwa vidogo vilivyotawanyika, na aliyeisoma riwaya ya Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ataiona nchi ambayo mwandishi huyo aliihifadhi kwa upendo mkubwa. Ukara, kisiwa cha jirani chenye mawe makubwa ya matale, kinastahili siku yake. Hata hivyo, ajali ya kivuko MV Nyerere ya Septemba 20, 2018, iliyoua zaidi ya watu 200 karibu na gati la Ukara, inamtaka kila abiria akatae chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama kukataa huko kutamlaza Bugolora, gati la Ukerewe la kuvukia kwenda Ukara. Kuhusu kuoga ziwani, ni afadhali kujizuia, kwa sababu kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopenya ngozi, bado kipo.