Usiseme "Vumilia" Kabla Hujasikiliza



Mwezi huu tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye ametupa ruhusa tusimulie bila kutaja jina wala kijiji, alitupigia simu usiku watoto wakiwa wamelala. Mume wake alikuwa ameondoka nyumbani, huku kwetu Shinyanga, kwenda Geita kutafuta riziki kwenye maduara ya dhahabu. Miezi ya kwanza fedha zilikuja kwa simu. Baadaye zikapungua, kisha zikakatika. Jioni ile alipiga namba ya mumewe, ikapokelewa na mwanamke.

Sisi hayo hatukuyajua. Tulisikia kilio tu. Tukamwambia, "Vumilia mama, ndiyo ndoa, Mungu yupo." Tukamwombea upesi upesi kwa kuwa salio lake lilikuwa linakwisha, tukaenda kulala tukiridhika kwamba tumemsaidia.

Hakupiga tena kwa miezi miwili. Tulipomtembelea alituambia maneno haya: "Usiku ule nilikuwa na jambo moja la kusema. Baba watoto alikuja wakati wa Pasaka akakaa wiki moja. Nilikuwa naogopa afya yangu, na ya huyu ninayemnyonyesha. Mliniombea kabla sijalisema."

Maneno hayo yametukaa moyoni.

Wala si yeye peke yake. Kuanzia Rwamgasa na Nyarugusu hadi Katoro na Kakola, machimbo yamewachukua waume wengi. Mama amebaki na watoto, mifugo na shamba, na mama mkwe anayemtazama. Zamani habari zilikuja kwa barua iliyokabidhiwa kondakta wa basi, ikafika baada ya wiki mbili, au isifike kabisa. Leo simu iko kwenye pindo la kanga. Inaleta fedha, inaleta taarifa za misiba, inaleta hata sauti ya mwanamke mwingine. Je, haiwezi kuleta faraja?

Inaweza, na kazi hiyo ina historia. Mwaka 1935 huko Lincoln, Uingereza, kasisi kijana wa Kianglikana aitwaye Chad Varah alimzika msichana aliyejiua. Binti yule alipoanza kuona siku zake alidhani ameshikwa na ugonjwa wa zinaa, na hakuwa na mtu wa kumwuliza. Mama mwenye binti na asome hapo mara ya pili. Kasisi yule hakusahau. Mwaka 1953, akiwa katika kanisa la St Stephen Walbrook mjini London, alitangaza namba ya simu kwa watu waliokata tamaa ya kuishi.

Watu walipiga, na wengine walikuja wenyewe. Walipokuwa wakingoja zamu ya kumwona kasisi, watu wa kujitolea waliwapa chai na kukaa nao. Ndipo likaonekana jambo ambalo hakulitazamia: wengi, wakishazungumza na wale waliowapa chai, waliona mzigo umepungua, hata hawakumhitaji tena kasisi. Mwaka 1954 akawaachia watu hao kazi ya kusikiliza. Hawakuwa madaktari wala wahubiri, bali watu waliojua kunyamaza. Chama chao kinaitwa Samaritans hadi leo, kwa jina la yule Msamaria aliyesimama njiani wakati wengine wakipita.

Hapa kwetu Tanzania iko Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na serikali. Kupiga ni bure, hivyo asiye na salio naye anaweza. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe, na mzazi, mwalimu au jirani anaweza kupiga kwa ajili ya mtoto. Anayepokea husikiliza na kushauri. Ikiwa mtoto anapigwa, ananajisiwa au anataka kuozwa, habari hupelekwa kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ili afuatilie. Kwa mkoa wetu hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Shinyanga wanawake 59 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Tuwafundishe watoto namba hiyo kama tunavyowafundisha majina ya babu zao.

Lakini mara nyingi mama mwenye uchungu hapigi namba ya huduma. Anampigia mama mwenzake. Kwa hiyo sisi sote ni wapokeaji wa simu, na inafaa tujifunze.

Kwanza, kama anapiga kwa wasiwasi wa salio, kata umpigie wewe. Kama amekubipu usiku, usiseme atapiga kesho.

Pili, nyamaza. Mumkumbuke Ayubu. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hiyo ndiyo faraja bora waliyompa. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Katika simu huoni uso wa mwenzako, kwa hiyo itikia kidogo kidogo, "Nakusikia, mama", ili ajue hujaondoka.

Tatu, uliza kabla ya kushauri. "Ni nini kinachokuuma zaidi usiku huu?" Swali hilo moja lingetutosha sisi siku ile.

Nne, akisema amechoka kuishi, usibadilishe mazungumzo. Mwulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali kunamfungulia mlango. Akikubali, endelea kuzungumza naye, na wakati huohuo tuma mtu wa karibu aende kwake, asiachwe peke yake, kisha apelekwe hospitali. Siri nyingine zote zitunze. Hii usiitunze peke yako.

Tano, maombi yaje baada ya kusikiliza, wala si ili kumaliza mazungumzo.

Nawe unayepiga, chagua mahali. Nyumba zetu zina kuta nyembamba na watoto wana masikio. Wengine hupigia shambani au njiani kwenda kisimani. Kama simu ni ya mume, au huwa anaikagua, tumia ya jirani unayemwamini. Anza na lile zito, usiliache liwe la mwisho, maana salio likikatika utabaki nalo. Na kama Kiswahili kinakuwa kigumu wakati wa machozi, sema Kisukuma. Uchungu husemeka vizuri kwa lugha uliyolelewa nayo.

Tuseme pia kwamba simu ina mipaka yake. Haipimi damu, wala haizuii fimbo. Mama anayepigwa aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii. Mama anayeogopa ugonjwa aende kliniki, na anayenyonyesha asichelewe hata siku moja, kwa sababu dawa za kumkinga mtoto zipo. Kazi ya simu ni kumfikisha kwenye mlango huo akiwa na mtu wa kwenda naye.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwenzetu. Safari hii tulimsikiliza mpaka akamaliza, na juma lililofuata mmoja wetu alikwenda naye kliniki akiwa amembeba mtoto. Majibu yake ni yake, hatuyaandiki hapa. Mumewe bado yuko machimboni, na mambo yao hayajaisha. Lakini usiku akilemewa hupiga, nasi hupokea.

Mwezi huu, mama mpendwa, mfikirie jirani mmoja ambaye mume wake yuko mbali. Usingoje akubipu. Mpigie, mwulize hali, kisha nyamaza usikilize.