Kilevi na Mtoto Aliye Tumboni



Ndugu msomaji, mja mzito anywapo kileo, kileo hicho huingia katika damu yake, kikavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Ini la mtoto lingali changa, nao ubongo wake huendelea kuumbika muda wote wa mimba. Madhara yanayoupata ubongo huo hayana tiba ya kuyaondoa. Wengi wa watoto hao hawana alama yoyote usoni. Huonekana wazima, kisha chuoni na shuleni husahau leo walichofunzwa jana, hushindwa kutulia, wakaitwa watukutu na kupigwa kwa kosa lisilo lao.

Tutazame Australia. Katika mji mdogo wa Fitzroy Crossing, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, jamii ya wenyeji wa asili ilikuwa imezika watu wengi kwa sababu ya ulevi. Mwaka 2007 wanawake wa hapo, miongoni mwao June Oscar na Emily Carter, waliomba uuzaji wa pombe ya kuchukuliwa nyumbani uzuiwe, isipokuwa ile iliyo hafifu. Wakakubaliwa. Kisha waliwaita wataalamu wawapime watoto wa bonde lao waliozaliwa mwaka 2002 na 2003. Ilibainika kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 alikuwa na madhara ya pombe aliyoyapata tumboni.

Ilikuwa habari nzito kwa mama kuisikia. Lakini mtoto aliyetambuliwa aliweza kutafutiwa mafunzo yanayomfaa badala ya fimbo. Baadaye serikali ilitoa mpango wa taifa wa mwaka 2018 hadi 2028, unaogusa kinga, utambuzi wa mapema, msaada kwa waathiriwa na familia zao, na jamii zilizo katika hatari zaidi. Tangu Julai 2023, chupa na mikebe ya vileo nchini humo sharti iwe na onyo kwa wajawazito.

Mpango wowote wa namna hiyo hutegemea jambo moja: mama aweze kusema kweli. Mtoto asiye na alama usoni ni vigumu kutambuliwa pasipo kujulikana kwamba mamaye alikunywa.

Kwetu sisi kileo ni haramu, na hukumu hiyo ni ngao kwa vizazi vyetu. Ila ngao isigeuzwe pazia. Pwani yetu ina mnazi. Miongoni mwetu yumo aliyesilimu juzi, yumo aliyetubu, na yumo aliyekunywa kabla ya kujua kwamba ana mimba. Akijua kwamba atanyoshewa kidole, atamwambia nesi kuwa hajaonja kamwe, na gharama ataibeba mtoto. Toba ni baina yake na Mola wake. Kusema kweli kliniki ni haki ya mwanawe. Naye ajue kwamba kuacha wakati wowote wa mimba kuna faida.

Basi mama mkwe, somo na ustadhi wa chuoni wawe watu wa kusitiri, si wa kutangaza. Na mtoto asiyeshika masomo apelekwe kupimwa kabla ya kuitwa mtundu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.