Safari za meli zabeba hatima ya Bandari ya Mombasa

Mjadala kuhusu utendakazi wa Bandari ya Mombasa kwa muda mrefu umejikita katika kreni, gati na urasimu wa forodha. Masuala hayo ni ya msingi. Hata hivyo, kuna jambo jingine lenye uzito uo huo ambalo halitajwi sana: ni meli zipi zinazofika Kilindini, zinatoka wapi na zinafuata ratiba gani.

Bandari hufanya kazi kwa kasi pale inapojua mapema mgeni wake atawasili lini. Meli inapofika siku iliyopangwa, gati huwa tupu, wafanyakazi wa zamu huwa tayari na nafasi ya kuweka makasha huwa imetengwa. Meli tatu zilizotarajiwa siku tofauti zikiwasili pamoja, hata bandari yenye mitambo ya kisasa hulemewa, na meli hulazimika kusubiri baharini.

Mombasa haina uwezo wa kudhibiti ratiba hizo peke yake. Sehemu ya makasha yanayoletwa hapa hubadilishiwa meli katika bandari kubwa kama vile Salalah nchini Oman, Jebel Ali kule Dubai na Colombo nchini Sri Lanka. Msongamano ukitokea huko, athari zake huonekana Kilindini majuma machache baadaye.

Hali hiyo ilidhihirika baada ya wapiganaji wa Houthi kuanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mnamo Novemba 2023. Kampuni nyingi za uchukuzi ziliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, hatua iliyoongeza siku 10 au zaidi katika safari kati ya Asia na Ulaya. Ratiba zilivurugika kote duniani, na kufikia katikati ya mwaka 2024 hata Singapore, mojawapo ya bandari stadi zaidi, ilikuwa na foleni ya meli.

Kwa upande mwingine, uhusiano mzuri na kampuni za meli hauji bure. Kenya iliongeza kina cha lango la Kilindini, kisha ikajenga kituo cha pili cha makasha kwa mkopo wa Japan. Awamu ya kwanza ya kituo hicho ilikamilika mwaka 2016 na ya pili mwaka 2022. Meli kubwa zilipata njia, na mwaka 2024 bandari ikahudumia zaidi ya makasha milioni 2 kwa kipimo cha futi 20, kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Lakini meli kubwa huja na mtihani wake. Hushusha makasha mengi kwa mkupuo mmoja, na iwapo reli, malori na maafisa wa forodha hawawezi kuyaondoa kwa kasi iyo hiyo, uwanja hufurika na meli inayofuata hukosa pa kupakulia.

Lamu nayo inatoa funzo tofauti. Bandari hiyo, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ina kina cha mita 17.5, kuliko Mombasa. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwanzo meli zilizofika zilikuwa chache mno. Gati refu lisilo na barabara za uhakika za kuelekea bara wala shehena ya kurudi nayo haliwezi kumvutia mwenye meli.

Anayeumia mambo yakienda kombo ni mwananchi. Gharama ya meli kusubiri hujumuishwa katika nauli ya shehena, kisha ikaishia katika bei ya mchele, mafuta ya kupikia na vipuri, kuanzia Kongowea hadi Kampala na Kigali. Wafanyabiashara wa Uganda na Rwanda wana njia mbadala ya Dar es Salaam, ambako kampuni ya DP World ilikabidhiwa sehemu ya shughuli za bandari kwa mkataba wa Oktoba 2023.

Kwa hivyo, kununua kreni zaidi pekee hakutatosha. Serikali na Halmashauri ya Bandari (KPA) zinapasa kukubaliana na kampuni za meli kuhusu siku maalumu za kuwasili, zihakikishe gati liko wazi siku hizo, na makasha yaondolewe kabla ya meli nyingine kufika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anayewekwa mlangoni siku nzima, kesho hubisha hodi kwa jirani.