Bili Ikipanda, Mbona Taa Yangu Izimwe?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Nina dukuduku moyoni na ukurasa huu ndio mahali pa kulitoa. Wenzangu mnaolala nyumbani mkirauka kuja shule mtanielewa haraka kuliko wale wa bweni, ambao wakiambiwa ni saa za prepu hukuta taa zishawashwa.

Kwetu ni ploti ya nyumba sita hapa Nakuru, na mita ya stima ni moja tu. Keateka ndiye hununua tokeni, kisha mwisho wa mwezi hupita mlango kwa mlango akikusanya. Kwa muda mrefu kila nyumba ilitoa shilingi 400. Basi Julai iliyopita akasimama mlangoni petu akasema, "Mama, mwezi huu ni 670." Loo! Mama alishika kiuno. "Kwani sisi tumeanza kuchomelea mageti humu ndani?" Keateka akajibu kuwa stima imepanda na wanafunzi nao wanakesha na mataa. Hukumu ikatoka usiku huo huo: ikifika saa tatu, taa zote zizimwe.

Mimi husoma kuanzia saa moja hadi saa nne, baada ya kuteka maji na kupika. Nikaanza kutumia koroboi. Mafuta ya taa ya shilingi 20 yalidumu usiku tatu. Asubuhi nikipenga kamasi ilikuwa nyeusi tititi, na mwalimu wa zamu aliniuliza mbele ya watu kama ninalala jikoni. Nilicheka pamoja na wenzangu, lakini iliniuma.

Wakati huo darasani tulikuwa tunafundishwa jinsi ya kupiga hesabu ya umeme. Sikungoja mtihani. Balbu yetu ni ya wati 9. Ikiwaka saa tatu kila usiku kwa siku 30, inakula yuniti 0.81. Haifiki hata yuniti moja! Hata ukiihesabu kwa shilingi 32 kwa yuniti, pamoja na kodi na tozo zote, ni kama shilingi 26 kwa mwezi. Koroboi nayo ilikuwa inatumeza shilingi 200. Na msisahau kwamba mwaka 2018 mafuta ya taa yaliongezewa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita, ati wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Kwa hivyo sisi tulizima taa ili kuokoa pesa, na tukatumia pesa nyingi zaidi gizani.

Sasa stima ilikuwa inaenda wapi? Nilimwomba keateka anionyeshe ujumbe wa tokeni kwenye simu yake. Ploti ilikuwa ikitumia yuniti 95 kwa mwezi. Sasa ilikuwa 126. Nyumba ya nne alikuwa amehamia mama mwenye mtoto mchanga, na ana koili ya kuchemshia maji ya wati 1,500. Koili hiyo ikikaa kwenye ndoo dakika 40 kwa siku inakula yuniti nzima, yaani 30 kwa mwezi. Simlaumu hata kidogo. Kumwogesha mtoto kwa maji baridi Nakuru mwezi wa Julai si mchezo.

Lakini yuniti 31 zaidi hazielezi yote. Hapa ndipo watu wazima wengi hawajui, na mimi pia sikujua. Bei ya stima ya nyumbani ina ngazi. Chukua bei zilizoanza kutumika Aprili 2023: mwenye kutumia hadi yuniti 30 kwa mwezi aliwekwa kwa shilingi 12 na senti kidogo kwa yuniti, aliyezidi hapo mpaka 100, shilingi 16 na senti, na aliyepita 100, karibu shilingi 21, zote kabla ya kodi na tozo. Ngazi yako hutokana na wastani wa miezi mitatu. Ukishavuka 100, si zile yuniti za juu pekee zinazopanda bei, ni zote. Ndiyo maana ploti yetu iliruka ghafla namna ile.

Na tazameni kichekesho. Ngazi ya chini iliwekwa kwa ajili ya maskini. Nyumba moja kwetu hutumia kama yuniti 20, kwa hivyo sote ni maskini halali! Lakini kwa kuwa tumefungwa kwenye mita moja, mita inatuona kama tajiri mmoja mwenye friji na shawa ya umeme. Huyo tajiri anayeishi peke yake na kuwasha balbu mbili ndiye hulipa bei yetu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kuna mambo mengine ambayo mtu wa ploti hana uwezo nayo. Ukame ukikausha mabwawa ya mto Tana, mitambo ya dizeli huwashwa na gharama ya mafuta huingia kwenye bili. Shilingi ikianguka, kama Januari 2024 ilipopita 160 kwa dola moja, hiyo pia huongezwa. Mvuke wa Olkaria unafuka papa hapa katika kaunti yetu lakini haujatuponya. Haya, hayo tuwaachie wakubwa.

Yaliyo mikononi mwetu tuyafanye. Wazazi, kabla ya kumfokea mtoto anayesoma, ulizeni kwanza pasi na koili. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja imekula zaidi ya balbu yangu mwezi mzima. Sare zipigwe pasi mara moja kwa wiki, Jumapili. Na wenye nyumba, kila mlango upewe mita yake.

Walimu wetu, kwenu nina ombi. Tunaomba darasa moja tu liachwe wazi hadi saa moja jioni kwa sisi wa kutwa. Mirija sita ya taa haiwezi kuifilisi shule.

Kwetu nilimpa mama hesabu yangu, naye akaipeleka kwenye kikao cha wapangaji. Walibishana hadi usiku. Mwishowe jirani wa nyumba ya nne alikubali kuongeza shilingi 150, na mama akajitolea kumbandikia maji kwenye jiko letu la makaa jioni likiwa bado lina moto. Mwezi uliofuata tulilipa 560. Balbu yangu imerudishwa, mwisho saa nne kamili. Mwenye ploti anasema mita sita ni gharama, atafikiria mwakani.